Simu ya Upepo Kazini: Kuanza na Kupanga Chaneli

(Mazungumzo kwa wajumbe wa matawi)



Wengi wenu mwafanya kazi na simu ya upepo ya mkononi: walinzi wa usiku, wapakuzi, waelekezaji wa kreni. Siku hizi mashine hizi hupatikana kwa bei rahisi, na nyingine huja zimeandikwa GMRS. Mmeuliza herufi hizo zina maana gani, na kama mashine hizo ni halali. Nitajibu, kisha nitaeleza jinsi ya kupanga chaneli, maana kosa dogo la chaneli laweza kumwua mtu aliye chini ya mzigo.

GMRS ni utaratibu wa Marekani. Serikali ya huko imetenga masafa ya megahezi 462 na 467 ili watu wazungumze na jamaa zao. Mtu aliyetimiza miaka 18 hulipa dola 35, hafanyi mtihani, naye hupewa leseni ya miaka 10 inayofaa pia kwa jamaa zake wa karibu. Lakini leseni hiyo hupewa mtu, siyo kampuni, wala mfanyakazi hafunikwi na leseni ya tajiri wake. Wenzetu walioko Marekani na wakumbuke hayo wakipewa mashine kama hiyo kazini.

Hapa Kenya leseni ile haina nguvu. Sisi tuna Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na kampuni inayotaka masafa yake ya kazi huomba kibali kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kuandikwa GMRS juu ya mashine si kibali.

Sasa chaneli. Chaneli ni namba tu inayosimama badala ya masafa. Katika GMRS ziko 22 za kuzungumza moja kwa moja, na 8 nyingine za kupitia mtambo wa juu unaopokea sauti na kuirusha tena mbali. Chaneli 8 mpaka 14 haziruhusiwi kupita nusu wati, lakini 15 mpaka 22 huruhusiwa hata wati 50. Basi mtu akiona namba 9 haifiki mbali na namba 16 inafika, asidhani mashine ni mbovu. Ndivyo chaneli zilivyowekwa.

Ukipanga chaneli za mashine yo yote, fuata njia hii.

Kwanza, andika karatasini kabla ya kugusa kifungo: namba ya chaneli, masafa ya kusikia, masafa ya kusema, mlio wa siri, na kazi ya chaneli hiyo.

Pili, jaza betri na ufunge eriali. Usiseme kamwe bila eriali, maana waweza kuunguza mashine.

Tatu, ukitumia kompyuta, soma kwanza yaliyomo katika mashine na kuyahifadhi, ndipo uandike mapya. Ukiharibu, utayarudisha.

Nne, kama mnapitia mtambo wa juu, masafa ya kusema si yale ya kusikia. Katika GMRS mashine husikia kwa 462.550 na kusema kwa 467.550, tofauti ya megahezi 5. Mtu akisahau hilo, yeye atawasikia wenzake, lakini wao hawatamsikia kupitia mtambo.

Tano, mlio wa siri uwe mmoja kwa wote. Jina lake hudanganya. Mlio huo hauzuii mtu mwingine kuwasikia. Huziba masikio yenu tu. Huenda mgeni anasema katika masafa yale yale, ninyi hamumsikii, na sauti zenu zagongana hewani. Kwa hiyo fungueni mlio na msikilize kabla ya kuanza kazi.

Sita, jaribuni. Mmoja abaki, mwingine aende mpaka pembe ya mbali kabisa, hata nyuma ya makontena, maana chuma huzuia sauti. Kisha fungeni vifungo ili chaneli isigeuke mfukoni.

Kwa wanaonyanyua mizigo, chaneli ya kreni iwe ya kreni peke yake. Mwendeshaji asiposikia sauti ya mwelekezaji, asimamishe mzigo. Kimya si ruhusa.

Sasa haki zetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri awape wafanyakazi maelezo na mafundisho ya kulinda usalama wao. Basi kila mjumbe akirudi kwake aulize mambo matatu. Kibali cha masafa kiko wapi? Orodha ya chaneli imebandikwa wapi? Betri za akiba ni ngapi kwa zamu ya usiku?

Tena nawaonya: mtu asinunue simu yake mwenyewe ili kuziba upungufu wa tajiri. Masafa yakiingiliana na ya watu wengine, au mzigo ukianguka, mashine itaonekana ni yako, na lawama itakuwa yako. Chombo cha kazi hutolewa na mwenye kazi.

Majibu mtakayopata yaandikeni na kuyaleta katika mkutano ujao. Tajiri asiyeweza kuonyesha kibali ataulizwa na chama kizima, si na mlinzi mmoja.