Jeraha Dogo la Chai

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, hapa jirani na sisi wa Mlolongo, zaidi ya watu 200 walijeruhiwa na nchi nzima ikashtuka. Leo, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya moto usiotangazwa: chai ya moto iliyomwagikia mkono wa mtoto wa miaka miwili ndani ya chumba kimoja cha ploti, jiko likiwa sakafuni kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka.

Kidonda chenyewe ni kidogo. Kinafungwa bendeji, mtoto anacheza, mama anapumua. Siku ya pili au ya tatu homa inapanda ghafla hadi nyuzi 39 au zaidi. Mtoto anatapika, anahara, analegea, na ngozi inatoka vipele vyekundu. Mama akifungua bendeji, kidonda ni safi, hakina usaha wala harufu. Basi anaamini ni tumbo, au surua, na anakimbilia chemisti.

Hapo ndipo tunapopoteza watoto. Bakteria wa stafilokoka, ambao wengi wetu tunao puani na kwenye ngozi, wakiingia kwenye jeraha la moto huweza kutoa sumu inayosambaa mwilini kupitia damu. Watu wazima wengi wana kinga dhidi ya sumu hiyo. Mtoto mdogo mara nyingi bado hana. Shinikizo la damu linashuka, na hali inaweza kuharibika kwa saa chache tu. Daktari James Todd wa Marekani na wenzake waliueleza ugonjwa huu kwa watoto mwaka 1978, kwa hiyo si jambo geni kwa tiba. Unatibika kwa maji ya mishipani, antibiotiki na kusafisha kidonda, mradi mtoto awahi.

Najua maji Mlolongo wengi tunanunua kwa mtungi. Hata hivyo, mtoto akiungua, mtungi huo utumie: mmwagilie kwa kikombe, polepole, dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Kisha funika kwa kitambaa safi. Unga, yai na dawa ya meno viacheni jikoni. Vinaingiza uchafu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua kwenye nyama mbichi.

Kwa wauguzi wetu wa hapa Mavoko nina ombi. Mnapomfunga mtoto bendeji, msimwambie mama tarehe ya kurudi pekee. Mwambieni kwamba homa ikija, arudi usiku huohuo.

Nawe mzazi, ukifika hospitalini, kabla hujataja kuhara wala vipele, anza na hili: mtoto huyu aliungua juzi.