UHALIFU UMEPUNGUA? NANI KAHESABU?

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa maskani moja jijini Dar es Salaam. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwepo.

Ndugu zangu vijana, sikuja na risala ndefu. Naomba tuanze kwa kunyoosha mikono.

Aliyeibiwa, kuporwa au kupigwa ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita anyooshe mkono. Nawe msomaji utakayeikuta mada hii gazetini, nyoosha hapo hapo ulipo, usione haya. Vizuri. Sasa aliyekwenda polisi aubakize juu. Aliyeandikiwa RB aubakize. Aliyeandikiwa kosa lenyewe kama lilivyotokea aubakize.

Mnaona mikono inavyoshuka? Hiyo michache iliyobaki ndiyo inayoitwa takwimu rasmi za uhalifu. Ile iliyoshuka njiani, kwa hesabu za wakubwa, haikuibiwa kitu.

Wangu nao umeshuka. Nilishuka daladala usiku, vijana wawili wakanipiga roba, simu ikaenda na pochi ikaenda. Nikafika kituo kimoja, jina naliweka kapuni. Askari wa kaunta akaniuliza kama nawajua walioniibia. Nikamwambia siwajui. Akasema basi tuandike umepotelewa, ili upate karatasi ya kurudishia laini yako. Nilikuwa na haraka ya laini, nikakubali. Hivyo ndivyo unyang'anyi ulivyogeuka mali iliyopotea, na mtaa wetu ukawa salama zaidi kwa tukio moja.

Simlaumu askari yule peke yake. Nami nilitia sahihi. Lakini toka siku hiyo, kila nikisikia kigogo anatangaza kwamba uhalifu umeshuka kwa asilimia kadhaa, najiuliza: umeshuka mitaani au umeshuka kwenye daftari?

Ndugu zangu, daftari la polisi ni chekeche. Tukio likitokea, kwanza wewe uamue kuripoti. Pili askari aamue kuandika. Tatu aamue aandike kosa gani. Kila hatua kuna kinachobaki juu na kinachoanguka. Mwenye gari huripoti, kwa sababu bima haimlipi bila karatasi ya polisi, na gari lina namba linaweza kupatikana. Aliyeporwa nauli na simu ya tochi ataripoti ili apate nini? Nauli ya kwenda kituoni na kurudi nayo ni hasara nyingine. Kwa hiyo daftari humjua mwenye gari kuliko mlalahoi.

Tena daftari hilo linaweza kupanda bila uhalifu kupanda. Polisi wakiamua mwezi huu ni wa kusaka bangi, kesi za bangi zitajaa, wala si kwamba wavutaji wameongezeka. Akina mama wakiliamini dawati la jinsia, kesi za kupigwa majumbani zitaongezeka, na hiyo ni habari njema iliyovaa sura ya habari mbaya. Na ninyi mkizolewa ishirini kijiweni mkatupwa kwenye karandinga, hiyo ni hesabu ya waliokamatwa. Si hesabu ya wahalifu, wala haisemi ni wangapi walioporwa usiku ule.

Msidhani hili ni la kwetu tu. Uingereza, nchi tunayoambiwa tuige, yaliwakuta. Mwezi Januari 2014 mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilizivua takwimu za polisi za England na Wales hadhi ya takwimu za kitaifa, kwa kuwa hazikuaminika. Novemba mwaka huo huo wakaguzi wa polisi wakatoa ripoti: karibu kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa polisi halikuandikwa. Hayo ni makosa zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya kujamiiana, zaidi ya robo hayakuandikwa. Na hao wote walikuwa wamekwenda kuripoti! Sababu mojawapo iliyotajwa bungeni ni shinikizo la malengo: mkubwa akidai namba ishuke, namba itashuka, hata kama mwizi hajapumzika.

Lakini Waingereza walikuwa na kipimo cha pili, na ndicho nilichokuja kukizungumza. Tangu mwaka 1982 wanafanya utafiti wa waathirika. Hawaendi kituoni. Wanachagua kaya kwa bahati nasibu, wanabisha hodi na kuuliza: ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita umefanyiwa nini? Uliripoti? Kama hukuripoti, kwa nini? Marekani wanao utafiti wa namna hiyo tangu miaka ya 1970, na mara nyingi umeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya matukio ya ukatili hayafiki polisi.

Sitaki kuwapiga changa la macho. Utafiti nao una matundu yake. Maiti haijibu maswali, hivyo kwa mauaji daftari la polisi ndilo bora. Anayelala barazani hana mlango wa kubishiwa hodi. Mke hawezi kusema kitu ikiwa mume amekaa pembeni anasikiliza. Watu husahau, au huleta tukio la juzi na juzi kama la mwaka huu. Huko Uingereza kwa miaka mingi, mwanamke aliyepigwa mara hamsini na mtu yule yule alihesabiwa mara tano tu, mpaka wasomi walipopiga kelele kanuni ikabadilishwa. Ndiyo maana vinahitajika vipimo vyote viwili. Kimoja kikisema umeshuka na kingine kikisema umepanda, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Na sisi je? Dar es Salaam imewahi kupimwa. Mwaka 1992 iliingizwa katika utafiti wa kimataifa wa waathirika, na baadaye wakazi waliulizwa tena chini ya mpango wa Miji Salama wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani.

Kinachotakiwa ni uhuru wa kuhesabu. Mkumbuke mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kutangaza takwimu za kupinga zile rasmi, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au jela isiyopungua miaka mitatu. Kelele zikapigwa ndani na nje, na mwaka 2019 makali hayo yakaondolewa. Jiulizeni, anayeogopa kuhesabiwa anaficha nini? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nawaachia kazi mbili. Kwanza, ukiporwa ripoti, dai RB, na usome kilichoandikwa kabla hujatia sahihi. Usikubali "amepotelewa" kama mimi. Pili, mheshimiwa akisimama jukwaani na asilimia zake, muulize kwa adabu: Nani kahesabu? Kahesabu walioibiwa au walioandikwa? Na wale ambao hawakwenda kituoni umewauliza lini?

Akikosa jibu, mwonyesheni mikono yenu, ile iliyoshuka.