Saa ya Kuimba Masomoni



Niliombwa kusema juu ya nyimbo masomoni, nami nataka kuanzia Kamina. Katika mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alifika pale na kuongoza masomo. Alikusanya wavulana wapata 45, wenye miaka 9 hata 14, pamoja na walimu wapata 15. Korali hiyo iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Ndiyo iliyoimba Missa Luba katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958, na mwaka ule ule ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani.

Watu husifu sauti za watoto wale. Mimi nawaomba mtazame zaidi namna walivyojifunza. Nyimbo zile hazikuandikwa kwa nota. Maneno ya Kilatini yalikuwa yale yale ya Misa, lakini sauti walizitunga waimbaji wenyewe, wote pamoja, kwa kufuata desturi ya wazee. Basi, fikirini kazi ya mtoto wa miaka 10 katikati ya kundi lile. Hana karatasi ya kutazama. Akitaka kujua aingie wakati gani, shurti amsikilize mwenzake. Akipaza sauti kupita kiasi, hawasikii tena wengine, na mara anapotea. Mwalimu naye anaimba ndani ya kundi, anangojea zamu yake. Hesabu mtoto aweza kuishinda peke yake, hata kwa kufunika daftari ili jirani asilione. Wimbo wa sauti nyingi hauna njia hiyo.

Tena, Kamina ni mji wa njia ya reli, na watu wa makabila mengi hukutana pale. Katika Misa ile, Hosana inafuata mchezo wa ngoma wa Kasai, na Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Mtoto wa Kiluba aliyeimba urithi wa jirani mbele ya watu hawezi kwa urahisi kuucheka kesho yake uwanjani. Sisemi kwamba wimbo unamaliza ugomvi. Katika nchi yetu tumeona mengi.

Lakini masomoni mwetu saa ya kuimba ndiyo inayoibiwa kwanza. Mitihani ikikaribia, inafutwa. Mgeni mkubwa akitangazwa, inarudi kwa juma moja, na watoto wanafundishwa wimbo wa kumsalimu. Na liko jambo baya zaidi: mwalimu anachagua sauti nzuri, na wengine anawaambia wafungue kinywa tu bila kutoa sauti. Anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mtoto mwenye haya, anayehitaji saa ile kuliko wote. Asiyeshika sauti leo awekwe kati ya wawili wanaoishika, apewe wimbo mfupi wa kuitikia, wala asifichwe nyuma. Kijana ambaye sauti yake inavunjika apewe ngoma, hapo hatatoroka.

Wengine hujibu: hatuna kinanda, hatuna vitabu. Watoto wa Kamina waliimba kwa ngoma. Tunachohitaji ni saa moja ya kila juma isiyoguswa, kwa kalasi zote, na mwalimu anayekubali kuimba pamoja na watoto wake.