Mbwa Akirudi na Jeraha la Porini

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Diani, Ukunda, Muhaka na Msambweni)

  Tunawaona majirani zetu Waislamu wa kikundi cha akina mama wamefika. Karibuni sana, maana jambo la leo halichagui dini.

Sisi si madaktari. Ni wanakikundi kama ninyi, na haya tunayoyasema tulijifunza kwa gharama. Basi tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe, halafu ndiyo tuingie katika mafunzo.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye shamba la mihogo karibu na msitu, alikuwa na mbwa mzuri wa kulinda. Nani hapa shamba lake linalindwa bila mbwa? Mchana nyani, usiku nguruwe mwitu, na mwenye shamba huachiwa majani tu. Asubuhi moja mbwa yule alirudi na sikio limechanika na jeraha shingoni. Huyu akasema ni nguchiro, huyu akasema mbweha, mwingine akasema kapigana na mbwa mwenzake. Hakuna aliyeona. Mzee akamwosha kwa mikono mitupu, akampaka majivu, yakaisha. Jeraha likapona.

Wiki sita baadaye, wakati jeraha limekwisha sahauliwa, mbwa akaanza kukataa chakula. Taya ikaning'inia, mate yakawa yanamtiririka, na akibweka sauti ni nyingine. Mzee akadhani amekwamwa na mfupa. Akamfungua kinywa, akaingiza mkono kuutafuta. Mfupa haukuwako. Meno yakamchubua vidole viwili, kidogo tu, jambo la kufunga kitambaa. Kesho yake mbwa akamuuma mjukuu mguuni, na siku iliyofuata akafa.

Mtoto tulimpeleka. Kituo cha kwanza dawa ilikuwa imekwisha, tukapanda matatu hadi kwingine. Mfuko wa kikundi ulikuwa na pesa za mbuzi, na tusifichane, tulibishana. Wengine walisema mbuzi wa kikundi si wa mtoto mmoja. Mwishowe pesa zikatoka, mtoto akachomwa sindano zake zote, nasi tukajiona tumemaliza kazi. Mzee alipoulizwa alisema, "Mimi sikuumwa. Nimechubuliwa tu, tena na mbwa wangu mwenyewe." Tukamwachia. Ukweli ni kwamba tulifurahi kidogo kwamba hakutaka, maana mfuko ulikuwa mtupu.

Baada ya miezi miwili mkono wake ulianza kuwasha na kufa ganzi. Kisha akawa hawezi kunywa. Ukimletea kikombe cha maji, koo linakaza na mwili mzima unashtuka. Tulimzika wiki hiyo hiyo. Mjukuu yuko shuleni leo, na kovu lake mguuni.

Sasa tuulizane, ni nini kilichomuua mzee wetu? Ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia penye ngozi iliyopasuka, hata kwa mchubuko, vinafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana huchukua muda. Kwa kawaida ni miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa wiki moja tu au hata mwaka. Katika muda huo mtu ni mzima, anakula, analima, na chanjo bado inaweza kumwokoa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kutegemea. Karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na kati ya kila watu mia, 99 waliupata kwa mbwa. Nne kati ya kumi ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mmesikia? Kwa mbwa. Watu wa Diani wanaogopa tumbili, wa Shimba Hills wanaogopa fisi, wote wanamsahau yule anayelala mlangoni. Mnyama wa porini anaweza kuupata na kuuleta, ni kweli. Lakini utafiti wa miaka mingi kuzunguka mbuga ya Serengeti, kwa jirani zetu Tanzania, ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ndio wanaouweka ugonjwa hai, na wanyama wa porini wengi hupata kutoka kwao. Basi mbwa wetu anayefunguliwa usiku kuzurura ni mlango ulio wazi pande zote mbili.

Tuje kwa kidonda. Ukiumwa, ukichubuliwa, au ukirambwa penye kidonda, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, mtu huchoka kwa dakika mbili. Huku Diani kuna bomba, lakini ndugu wa Kinango watatuuliza maji yatoke wapi wakati wa kiangazi. Tumejaribu wenyewe: mtungi mmoja wa lita 20, ukimimina kwa kata polepole, unatosha. Sabuni ya kufulia inafaa kabisa. Kuosha huku si jambo la kungojea daktari. Virusi vingi hufia hapo hapo kwenye povu. Ukimaliza, usipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala majivu, wala tindikali ya betri. Vinaunguza nyama na haviui kinachotakiwa.

Mama mmoja Mwislamu alituuliza juu ya najisi ya mate ya mbwa, na ile desturi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Lilikuwa swali zuri, maana linaonyesha watu wa Pwani walikuwa na tahadhari na mate ya mbwa tangu zamani. Mambo ya tohara tunayaacha kwa masheikh. Sisi tunaomba tu udongo usiingie ndani ya kidonda, kwa sababu ya pepopunda.

Kutoka hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Wako wazee hapa wanaokumbuka zile sindano nyingi za tumboni, na wengine mpaka leo wanakimbia kwa ajili hiyo. Hizo zimepitwa. Siku hizi sindano ni za mkononi: siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14 baada ya hiyo, na mara nyingi ya 28. Fuata kadi uliyopewa. Jeraha likiwa baya, daktari ataongeza dawa nyingine inayochomwa penye kidonda chenyewe, ya kumlinda mtu wakati chanjo bado haijafanya kazi. Usikatize kwa sababu umejisikia mzima. Bila shaka umejisikia mzima! Hata mzee wetu alijisikia mzima. Na kituo kikisema dawa hakuna, waambieni wapige simu kwingine mkiwa bado mmesimama pale. Kama mbwa au paka aliyeuma yuko hai, afungwe aangaliwe siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, hakukuwa na virusi katika mate yake alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini kumwangalia mbwa kusikucheleweshe kuanza.

Sasa mbwa mwenyewe. Akirudi na jeraha usilolijua, msimshike kwa mikono mitupu kama tulivyofanya. Mfuko wa plastiki mkononi unatosha kama hakuna glavu. Mfungeni, watoto wasimkaribie, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, kisha mwiteni daktari wa mifugo. Mbwa aliyekuwa na chanjo atachanjwa tena na kuangaliwa. Asiye na chanjo, jambo ni zito: huenda daktari aamuru afungiwe miezi kadhaa, au auawe. Inauma, tunajua. Na mbwa mwenye taya iliyoning'inia na mate yanayotoka, jamani, msimtafutie mfupa. Akifa au akiuawa, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa. Ng'ombe au mbuzi aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo asikimbizwe kuchinjwa ili nyama isipotee. Mwambieni daktari wa mifugo kwanza.

Juu ya tumbili na nyani. Kichaa kwao si jambo la kawaida, lakini anayeumwa na mmoja wao aoshe kidonda na aende hospitali vile vile, maana meno ya nyani ni marefu na machafu, na pepopunda iko pia. Kule Diani tumbili wamezoeshwa mkate na ndizi kutoka mikononi mwa watu, na akinyimwa anakwaruza. Watu wa Colobus Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997 na ndilo lililofunga yale madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke, hawachoki kusema tusiwalishe. Wana haki. Tuzibe mapipa ya taka, na mabaki ya jikoni yasimwagwe nyuma ya nyumba, maana huita tumbili mchana na usiku huita nguchiro, fungo na mbwa wasio na mwenyewe. Wote wanakutana hapo, na mbwa wako yuko kati.

Na popo tusiwasahau, hasa ndugu wa Shimoni. Mwaka 2009 wataalamu waliokota popo aliyekufa katika pango la upande ule, na ndani yake wakakuta virusi vipya, jamaa ya vile vya kichaa cha mbwa. Vimeitwa kwa jina la Shimoni mpaka leo. Mwaka 2007 mgeni mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo akiwa kambini Tsavo Magharibi; akaugua baada ya wiki chache, akafa kwao. Hatusemi popo wafukuzwe au wachomwe moto. Wanatulia mbu na wanapanda miti. Tunasema watoto wasiwaokote, hasa aliyeanguka chini mchana, na paka akimleta ndani aondolewe kwa koleo, si kwa mkono.

Wengi mtasema dawa fupi ni sumu, mbwa wote wafe. Imejaribiwa sehemu nyingi duniani na ugonjwa ukabaki. Ukiua mbwa kumi leo, watoto wao wanajaza nafasi, na wale uliowachanja jana umewaua pamoja na chanjo yao. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila mia, na kurudia kila mwaka. Tuangalie ng'ambo tu. Pemba, ambayo wavuvi wa Vanga na Shimoni wanaijua vizuri, walichanja mbwa na kichaa kikakatika mwaka 2014. Wakalegea kidogo. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya kwa nguvu, na kufikia mwisho wa 2018 kilikuwa kimekatika tena. Serikali yetu nayo iliweka mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu wa mbwa Kenya ifikapo 2030. Mpango ni wa serikali, lakini mbwa ni wa nani?

Baada ya mazishi kikundi chetu kilihesabu mbwa, nyumba kwa nyumba. Kila mtu alisema kijiji kina mbwa ishirini. Tukapata 60. Kwa hesabu ile tulihitaji kuwachanja 42, na mwaka wa kwanza tulipata 31 tu, kwa sababu wenye mbwa wakali walikuja bila kamba na wengine walituma watoto wadogo ambao hawawezi kumzuia mbwa. Mwaka wa pili tulipita jioni iliyotangulia, tukagawa kamba, tukaomba aje mtu mzima ambaye mbwa anamtii. Wakafika 47. Paka pia walikuja, ndani ya magunia. Pia tumetenga kiasi katika mfuko wa kikundi kisichoguswa kwa mbuzi wala kwa mazishi. Ni nauli ya hospitali na sindano, kwa yeyote aliyeumwa, mtoto au mzee, hata kama anasema ni mchubuko tu.

Kwa hiyo kabla hatujaachana, kila kikundi kitoe watu wawili wa kuhesabu mbwa na paka wa kijiji chao, na hesabu ifike kwa daktari wa mifugo kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili ajue alete dozi ngapi. Daftari liko hapa mezani. Wenyeviti waandike majina, na wakati wanaandika tuchukue maswali. Mama mwenye mtoto mgongoni, kule nyuma, ulikuwa umeinua mkono tangu mapema. Tuanze na wewe.