Kamba Mkononi: Tunachojifunza kwa Timu ya Kenya ya Paralimpiki

 

Nikikuuliza unitajie Wakenya walioiletea nchi dhahabu katika riadha, hutafikiri mara mbili. Utaniambia Eliud Kipchoge, Faith Kipyegon, David Rudisha. Vizuri sana. Sasa nitajie mmoja tu wa timu ya Kenya ya Paralimpiki, yaani michezo ya kimataifa ya wanariadha wenye ulemavu. Kimya, sivyo? Usione haya, hauko peke yako. Lakini timu hiyo si ya jana. Ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg, Ujerumani, na safari hiyo hiyo ya kwanza John Britton akashinda dhahabu katika kuogelea. Wazazi wa wengi wetu walikuwa hawajajuana bado!

Mimi si mtangazaji wa michezo. Kazi yangu ni elimu ya afya. Nimeileta timu hii kwenye maongezi yetu kwa sababu inatufundisha jambo ambalo vipeperushi vyetu vya afya mara nyingi hulisahau: jinsi ya kumsaidia mtu bila kumnyang'anya maisha yake. Jambo lenyewe liko kwenye kakamba kafupi tu. Tutakafikia.

ILIANZIA HOSPITALINI

Watu wengi hudhani michezo hii ilianzishwa ili "maskini wale" nao wapate kujifurahisha. Hapana. Ilianza kama matibabu.

Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi kwao Ujerumani, alipewa kitengo cha watu waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo mgonjwa wa aina hiyo alihesabiwa kama mtu anayengoja siku yake. Na kilichowaua wengi si kule kuvunjika. Ni vidonda vya kulala upande mmoja kitandani, na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wakaanza kuishi. Akawapa kazi za mikono, kisha akawapa michezo ili misuli iwe na nguvu na moyo urudi.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, wanariadha 16 walio kwenye viti vya magurudumu walishindana kupiga mishale kwenye uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka 1960 michezo ikahamia Roma, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu leo, kwetu, mgongo unavunjika kwa matatu na bodaboda. Ukikuta mtu ameanguka vibaya na hasikii miguu, usimwinue kama gunia la mahindi na kumsukumia ndani ya gari. Kama hakuna hatari ya moto au ya magari mengine, mwache alale alivyo, shikilia kichwa chake kisigeuke, na muite watu waliofunzwa huduma ya kwanza. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, kumbuka zile saa mbili. Hiyo haihitaji pesa. Inahitaji saa ya ukutani na watu wa kupokezana zamu.

HUJAFA HUJAUMBIKA

Wahenga wetu hawakukosea. Msikilize Henry Wanyoike wa Kikuyu. Mwaka 1995, akiwa kijana wa umri kama wako, alilala akiona. Alipoamka asubuhi, macho yalikuwa karibu giza tupu. Ulikuwa ni kiharusi, ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani ni wa wazee peke yao. Baadaye hata mwanga mdogo uliobaki ukatoweka. Alikata tamaa, kama ambavyo mimi na wewe tungekata tamaa. Akapelekwa Machakos, kwenye chuo cha wasioona, akajifunza kufuma sweta. Polepole akarudi na kwenye mbio.

Msikilize pia Anne Wafula, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1969. Alipata polio akiwa mtoto mdogo, miguu ikapooza. Kijijini wakasema amelogwa, na familia ikalazimika kuhama. Huyo "aliyelogwa" akasoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu, na mwaka 2004 akaiwakilisha Kenya huko Athens katika mbio za viti vya magurudumu. Baadaye alihamia timu ya Uingereza, anakoishi.

Jamani, polio haitokani na uchawi. Ni virusi vinavyoingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Haina dawa ya kuiponya, lakini ina chanjo. Mwaka 2013 ilizuka tena kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa hiyo usidhani imekwisha kabisa. Mdogo wako akiitwa kupewa matone, mpeleke. Na yule ambaye tayari ameipata, usimfiche ndani wageni wakija. Peleka jina lake shule.

WANAVYOPANGWA

Pengine umeona matokeo yameandikwa T11 au T37 ukashindwa kuelewa. Ni rahisi. Herufi T ni ya mbio na kuruka, F ni ya kurusha. Namba inaonyesha aina ya ulemavu na ukubwa wake. Kundi la 11 hadi la 13 ni la wenye matatizo ya kuona. La 35 hadi la 38 ni la wale ambao misuli yao haitulii au haitii vizuri amri ya ubongo. La 45 hadi la 47 ni la ulemavu wa mikono. T51 hadi T54 ni mbio za viti. Viziwi wana michezo yao ya dunia, iliyoanzia Paris mwaka 1924.

Na usidhani viwango ni vya kubahatisha. Rio, mwaka 2016, katika fainali ya mita 1,500 ya T13, Mkenya Henry Kirwa alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 49.59 akapata shaba. Mshindi wa dhahabu wa Olimpiki mwezi mmoja kabla, kwenye uwanja huo huo, alikuwa ametumia dakika 3 na sekunde 50.00. Ni kweli fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, haikuwa ya kasi. Lakini saa ni saa! Kirwa huyo huyo alikuwa ameshinda dhahabu tatu Beijing mwaka 2008.

SHERIA YA KAMBA

Sasa tumefika. Katika kundi la T11 mkimbiaji haoni, na wote hufunikwa macho ili asiwepo wa kunufaika hata na mwanga kidogo. Kila mmoja hukimbia na mwelekezi anayeona. Wameshikana kwa kamba fupi, mkono kwa mkono, hatua kwa hatua. Mwelekezi anamwambia kona imefika, njia imenyooka, fulani yuko mbele, sasa ongeza.

Sikiliza sheria zake. Mwelekezi haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wala kumsukuma. Na mkimbiaji ndiye lazima avuke mstari wa mwisho kwanza. Mwelekezi akitangulia, wametolewa, hata kama walikuwa wamewaacha wengine mbali.

Fikiria ugumu wa kazi hiyo. Mwelekezi anapaswa awe na mbio kuliko mwenzake, awe na pumzi ya kukimbia na ya kuongea, halafu mwishoni ajizuie. London, mwaka 2012, Samwel Mushai Kimani alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 58.37, rekodi ya dunia ya kundi lake, akiwa na mwelekezi James Boit. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Nancy Chelangat Koech alipata shaba ya mita 1,500 akiwa na Geoffrey Rotich. Hiyo ndiyo medali pekee Kenya iliyorudi nayo. Paris, mwaka 2024, ikawa moja tena, fedha ya Samson Ojuka katika kuruka mbali, T37. Kwa nchi iliyokuwa na mwanariadha wa kushinda dhahabu tatu peke yake, hapo pana swali. Wenzetu wanatafuta vipaji shuleni mapema, wananunua viti vya mbio na miguu ya bandia ya kisasa. Sisi tukimficha mtoto chumbani, timu tutaitoa wapi?

NANI ALIKUWA MLEMAVU?

Rudi kwa Wanyoike. Sydney, mwaka 2000, mita 5,000. Mwelekezi wake alikuwa ametoka kuugua malaria. Walianza vizuri, wakawaacha wengine. Karibu na mwisho nguvu zikamwishia mwelekezi, miguu ikagoma. Sheria ilisema lazima wamalize pamoja. Basi yule asiyeona akamshika yule anayeona, akamkokota na kumtia moyo mpaka wakavuka mstari. Dhahabu! Na mwaka 2004 huko Athens, akiwa na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni, akashinda dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000.

Sasa niambie, pale Sydney ni nani aliyekuwa mlemavu? Kila mtu ana siku yake ya kukokotwa. Kwa hiyo wanaoshikana kamba ni wenzi, na msaada unaweza kwenda upande wowote.

KAMBA NJE YA UWANJA

Tutoke uwanjani twende kliniki. Hapa naomba tusemezane ukweli.

Msichana kiziwi anakwenda kupata huduma. Ameandamana na kaka yake ili amtafsirie. Mhudumu anamwuliza kaka, kaka anajibu, binti amekaa katikati kama mzigo. Je, ataweza kuuliza juu ya hedhi, au juu ya kupimwa virusi vya UKIMWI, kaka akiwa pale? Hawezi. Kaka amevuka mstari kwanza.

Kijana anayetumia kiti cha magurudumu anaomba kondomu. Watu wanacheka. "Hata wewe?" Ndiyo, hata yeye. Kiti hakizuii mapenzi wala hakizuii virusi. Vijana wenye ulemavu wanapenda na kupendwa kama sisi, na wanaambukizwa kama sisi. Tena wapo wanaume wanaowavizia wasichana wasioona au wenye ulemavu wa akili kwa kudhani hawataweza kusema au hawataaminiwa wakisema. Ukijua jambo kama hilo, usinyamaze. Mpeleke hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na asioge kwanza ili ushahidi usipotee. Mkaripoti polisi. Na yeye mwenyewe ndiye aeleze, kwa njia anayoiweza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kumshusha. Kwa hiyo acha "kiwete" na "zuzu". Ana jina lake, liulize.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Moja, kabla hujamsaidia mtu, muulize: "Nikusaidie? Nikusaidie vipi?" Akisema hapana, ni hapana.

Mbili, ukimwongoza asiyeona, usimkamate mkono ukamburuta kuvuka barabara. Mpe kiwiko chako akishike yeye.

Tatu, zungumza naye yeye, si na aliyemleta.

Nne, mkiwa na mkutano wa vijana kuhusu UKIMWI au uzazi, ulizeni mapema: kiti kitapita mlangoni? Kuna wa kutafsiri kwa lugha ya ishara?

Tano, shuleni kwenu saa ya michezo ikifika, yule mwenzenu mnayemwachia kulinda mifuko ya nguo, leo mwulize anataka mchezo gani. Kama haoni na anapenda kukimbia, tafuteni kipande cha kamba na rafiki mwenye mbio.

Na rafiki huyo akumbuke sheria: hakuna kuvuta, na kwenye mstari wa mwisho atangulie mwenzake.

 Kazi kwenu.