Walipombandika Yesu Jina Baya



Ndugu wapendwa wanavikundi, leo tuzungumze juu ya aibu.

Hapa kwetu Kilifi, Ganze hadi Magarini, mzee akiota mvi huanza kukiogopa kichwa chake. Wengine huzipaka rangi. Mtoto akifa, au shamba likigombaniwa, mtu husema: "Ni mchawi huyo." Kuna waliouawa. Kuna waliokimbia nyumba zao wakapata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze.

Tukiwatembelea wazee hawa wanatuuliza, "Tushike nini sasa?" Sisi tunafungua Marko 3:22. Walimu wa sheria walidai Yesu anafukuza pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Hata jamaa zake walikuja kumchukua, eti amerukwa na akili. Basi jina hilo walimbandika Bwana wetu kabla yako wewe, nyanya, na wewe, babu. Yeye hakujificha, wala hakuacha kazi yake. Anayekujua ni Mungu, si wanaonong'ona kisimani.

Lakini tusiishie kwenye sala. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumwita jirani mchawi kuwa kosa. Mwenzenu akisingiziwa, msimwache aende kwa chifu peke yake. Jumapili kaeni naye benchi moja. Kuleni naye sima, sahani moja, watu wakiona.

Aibu ikibebwa na wengi, huwa nyepesi. Mungu awabariki.