Mafundisho kwa Waalimu wa Watoto Wadogo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara peke yake. Twataka kusema habari ya watoto wetu, na habari ya wale wanaotutunzia watoto hao tukiwa kazini. Wengi wetu hutoka nyumbani alfajiri kwenda kiwandani, shambani au hotelini, na turudipo jioni mtoto amekwisha sinzia. Mchana kutwa yu mikononi mwa mwalimu wa nasari, au mama wa kituo cha kulelea watoto. Basi mtoto akiwa na shida ya masikio, ya macho, ya miguu au ya kusema, ni nani wa kwanza kuiona? Ni mwalimu huyo. Lakini wengi wao hawakufundishwa dalili za kutazama.

Dalili zenyewe si siri ya madaktari. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hageuki akiitwa jina lake, huyo atazamwe. Mtoto wa mwaka na nusu asiyetembea, atazamwe. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", atazamwe. Sikio likitoa usaha zaidi ya wiki mbili si jambo la kungojea, kwani laweza kuharibu usikivu. Mara ngapi mtoto huadhibiwa kwa ukaidi, kumbe hasikii!

Tena wakati ndio dawa. Ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka ya kwanza, na msaada uletwao wakati huo hufaa kuliko uletwao baadaye. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji.

Wako watakaosema kwamba mwalimu si daktari. Ni kweli, wala hatumtaki awe daktari. Hatatamka jina la ugonjwa. Kazi yake ni kuona, kuandika alichokiona, kumwambia mzazi kwa upole na faragha, na kumwonyesha pa kwenda. Upole huo nao hufundishwa, maana mzazi akiaibishwa atamficha mtoto nyumbani.

Pa kwenda papo. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu vilianzishwa Kenya mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum, yaani KISE, mwaka 1986. Kliniki nazo hutoa kitabu cha mama na mtoto, chenye hatua za ukuaji. Lakini kituo kina faida gani, ikiwa aliye na mtoto kutwa hajui wakati wa kumpeleka?

Wengine watauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Lahusu mara mbili. Mwalimu ni mfanya kazi, na sisi ni wazazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, na chama haki ya kupatana na mwajiri kwa pamoja. Katiba hiyo hiyo imeweka elimu ya watoto wadogo na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo twajua mlango wa kubisha.

Twadai mambo manne:

1. Kila mwalimu wa watoto wadogo apewe mafundisho haya, naye asilipe ada kutoka mfukoni mwake.

2. Siku za mafundisho zihesabiwe kuwa siku za kazi zenye malipo.

3. Cheti kitakachopatikana kiongeze mshahara. Kumwongezea mtu kazi bila kumwongezea ujira ni kumdhulumu.

4. Watoto wasijazwe chumbani kupita kiasi, kwa kuwa hata mwalimu aliyefundishwa vema hawezi kumtazama mmoja katikati ya msongamano.

Ndugu, tusingoje wengine watusemee. Kila tawi lizungumze neno hili katika mkutano wake, liandike madai yake, na wajumbe wetu wayapeleke kwa kaunti na kwa waajiri. Waalimu walioko kati yetu wasimame mbele, nasi wazazi tuwe nyuma yao bega kwa bega. Mtoto hawezi kugoma wala kuandika barua. Sisi ndio sauti yake.